Kurudi mashindano ya gofu baada ya kukaa nje: kinachomwangusha mtu ni nini hasa?

#1 MchipuWaUpanga
Habari wadau. Natupa hoja, ichambueni.

Kila msimu wa mashindano ukifika hapa Dar, iwe Gymkhana au Lugalo, utawaona waliopotea mwaka, miwili, hata mitano wanarudi. Ukiwakuta reinji (uwanja wa mazoezi) unaogopa: aeni 7 (fimbo ya chuma) inanyooka, draiva (fimbo ya mkwaju mrefu) inalia vizuri. Siku ya shindano kadi inarudi na mikwaju 97. Kijiweni utaambiwa swingi imeshika kutu. Sikubaliani. Swingi inarudi ndani ya wiki mbili tatu kwa sababu mwili ulishaikariri. Kisichorudi upesi ni mita 40 za mwisho.

Pigeni hesabu. Mchezaji wa handikapu 10 (anayezidi mikwaju ya kawaida ya uwanja kwa 10 hivi) anafika grini (nyasi fupi zenye shimo) kwa mikwaju inayotakiwa kwenye mashimo 6 au 7 hivi kati ya 18. Mashimo 11 yaliyobaki yanategemea chipu moja (mkwaju mfupi wa kuufikisha mpira grini) na pati moja (wa kuusukuma shimoni). Aliyekuwa anachipu na kuuacha mpira mita 1.5 sasa anauacha mita 3.5. Kutoka mita 1.5 anaingiza zaidi ya nusu. Kutoka mita 3.5 akiingiza mmoja kati ya mitano ashukuru. Hapo mikwaju 4 imeshaondoka na swingi hatujaigusa. Bado pati tatu tatu kwenye zile grini alizofika.

Kwa hiyo anayerudi, mipira 7 kati ya kila 10 ya mazoezi ipigwe ndani ya mita 40. Nani anapinga?

#2 BogiTamu
Nimeshavuta kiti. Leo watu watatoka povu.

#3 KatibuKadi
Mkuu Mchipu, hesabu zako sina ugomvi nazo, ila umeanzia katikati. Kabla mtu huyo hajagusa weji (fimbo ya mikwaju mifupi) ameshabebeshwa mzigo na karatasi.

Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 unachukua wastani wa tofauti (skoa ikipimwa kwa ugumu wa uwanja) 8 bora kati ya 20 za mwisho. Za mwisho maana yake ni za mwisho ulizorudisha, hata kama ni za miaka minne nyuma. Haziozi. Mtu anarudi na indeksi (handikapu iliyosajiliwa) 10.4 aliyoiacha enzi anacheza mara mbili kwa wiki.

Chukua uwanja wa mfano: paa 72 (mikwaju ya kawaida), reti ya uwanja 71.0 (skoa ya mchezaji hodari), slopu 125 (unavyozidi kuwa mgumu kwa wa kawaida). Zidisha 10.4 kwa 125, gawa kwa 113, kisha toa 1 (yaani 71.0 kutoa 72). Unapata 10.5. Shindano la mikwaju la mtu mmoja mmoja linachukua asilimia 95, kwa hiyo anacheza na 10. Akipiga 88, ambayo kwa aliyekaa nje ni kazi nzuri tu, neti (skoa ukitoa handikapu) ni 78. Kwenye Stableford (mchezo wa pointi kwa kila shimo) ni kama pointi 30. Anarudi nyumbani anajiona amekwisha, kumbe amecheza vizuri dhidi ya namba ambayo si yake tena.

Na baya zaidi: 88 ile inazaa tofauti ya 113 ÷ 125 × (88 − 71.0) = 15.4. Inaingia kwenye orodha ya 20 na kuisukuma nje ile kongwe kuliko zote. Kama iliyotoka haikuwemo kwenye zile 8 bora, indeksi haisogei hata nukta. Mtu anaweza kurudisha kadi nne mbovu na bado akasoma 10.4.

#4 BintiKaskazi
Kaka KatibuKadi, mbona kuna klabu ukikaa mwaka bila kurudisha kadi unaambiwa handikapu imekufa?

#5 KatibuKadi
Dada, haifi. Indeksi inaendelea kuwepo mradi wewe ni mwanachama wa klabu. Ukiacha uanachama ndipo inasimama, na ukirudi kamati ya handikapu inaangalia rekodi yako ya zamani kabla ya kukupa nyingine. Asiye na rekodi kabisa anaanza na mashimo 54, yaani kadi tatu za 18 au mchanganyiko na za 9. Kwa kadi tatu anachukuliwa ile moja bora, inatolewa 2.0.

Unachoambiwa klabuni mara nyingi ni sharti la shindano. Waandaaji wanayo haki ya kusema anayetaka zawadi awe na kadi kadhaa za miezi ya karibuni. Kutoruhusiwa kushindania kikombe na kutokuwa na handikapu ni mambo mawili, yasichanganywe.

#6 MzeeWaBrauni
Vijana, salaam. Nyote mnazunguka mbuyu. Kati ya Jumamosi ya marafiki na siku ya shindano, kilichobadilika ni gimi, yaani pati ya kusamehewa.

Mchezo wa marafiki, pati ikiwa ndani ya urefu wa mpini wa pata mnasema "okota". Karibu kila shimo mtu anasamehewa pati ya futi mbili au tatu. Aliyekaa nje ya mashindano hajapiga pati hizo kwa miaka, hata kama anacheza kila wiki. Halafu kuna mpira wa msamaha (kurudia bila kuhesabu) pale tii ya kwanza (pa kuanzia), kuna kuusogeza mpira kwa ncha ya fimbo ukiwa umelala palipong'olewa kipande cha nyasi. Siku ya shindano vyote hivyo havipo. Mpira unaupiga ulipolala, isipokuwa kamati imetangaza ruhusa ya kuuweka vizuri kwenye feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini). Na kwenye mchezo wa mikwaju usipoingiza mpira shimoni ukaenda kupiga tii ya shimo linalofuata, umeondolewa shindanoni.

Tiba yake: mipira 6 kuzunguka shimo, mita moja. Ingiza 12 mfululizo. Ukikosa wa 11 unaanza moja. Huo wa 12 ndio utakuonyesha vidole vinavyokaza.

#7 BogiTamu
Shikamoo mzee. Hilo jina lako umelitoa wapi, uliwahi kupati kwenye brauni?

#8 MzeeWaBrauni
Marahaba. Wa umri wetu wengi tumezikuta. Viwanja kadhaa vya Afrika Mashariki badala ya grini vilikuwa na mchanga uliochanganywa na oili na kushindiliwa. Kabla ya kupati unaburuta kifaa kutoka mpira wako hadi shimoni, njia inanyooka, unapiga. Hakuna mlalo wa nyasi wala umande. Aliyejifunzia huko bado anapati kwa kugonga, mpira unaruka kidogo mwanzoni. Kwenye nyasi za bermuda za leo inamgharimu.

#9 FundiMisuli
Naona watu wazima wanajadili vidole na karatasi, miguu wameisahau. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10. Sasa weka jua la Februari la Dar na unyevu ule. Skoa ya anayerudi ukiigawa vipande vya mashimo sita sita, angalia kipande cha mwisho. Mtu anaondoka shimo la 12 akiwa mikwaju 8 juu ya paa, anamaliza na 20 juu. Gimi na handikapu hazikubadilika baada ya shimo la 12. Miguu imechoka, nyonga hazizunguki, mikono inafanya kazi yote, mpira unakwenda kushoto au unagongwa nusu.

Anza wiki 6 kabla. Wiki 2 za kwanza ni kutembea tu, dakika 50 hadi 60, mara nne kwa wiki, na mipira isizidi 30 au 40 kwa siku, siku moja ndiyo, moja hapana. Kinachowaumiza ni ndoo ya mipira 100 kwenye mkeka siku ya kwanza. Mkeka haukubali kichwa cha aeni kipite kama udongo unavyokubali. Mshtuko unarudi kwenye kano za kiwiko. Kwa anayepiga kulia, maumivu huja nje ya kiwiko cha kushoto au ndani ya kile cha kulia. Yakija, acha kupiga. Kaa, weka mkono mezani, shika chupa ya maji ya lita moja, ishushe polepole kwa kifundo cha mkono, ipandishe kwa kusaidiwa na mkono mwingine. Mara 15, seti 3, kila siku.

Wiki ya 3 na 4 mashimo 9 kwa miguu ukibeba mkoba mwepesi au ukiwa na kedi (mbeba mkoba). Wiki ya 5 mashimo 18 mara mbili, saa ileile ya shindano. Wiki ya 6 punguza.

Maji: glasi moja ndogo kila baada ya mashimo mawili, usingoje kiu. Weka chumvi kidogo na ndimu kwenye chupa moja. Dafu ni zuri lakini halina sodiamu ya kutosha kwa jasho la hapa, lisiwe peke yake.

#10 MchipuWaUpanga
FundiMisuli, nakubali mashimo ya mwisho yanachosha, lakini uchovu unaonekana wapi kwanza? Kwenye chipu. Miguu ikichoka mtu anachota mpira kwa vifundo vya mikono. Tumerudi palepale kwangu.

#11 BogiTamu
Mchipu wewe hata umeme ukikatika utasema ni chipu 😂

#12 BintiKaskazi
Mimi niko upande wa #1 nusu nusu. Mita 40 ndiyo, lakini "mguso" anaousema haujapotea. Kilichopotea ni kusoma nyasi. Bermuda ina mlalo, na aliyekaa nje anausahau kabla ya kitu kingine chochote.

Simama nyuma ya mpira. Nyasi kati yako na shimo ziking'aa, zimelalia mbele, mpira utakimbia. Zikiwa nyeusi nyeusi, zinakutazama, pati ya mita 6 ipige kama ya 7.5. Ukibaki na shaka tazama ukingo wa shimo: upande uliochakaa na kugeuka kahawia ndiko nyasi zinakolalia. Pati ya pembeni yenye mlalo wa nyasi upande uleule wa mteremko inakata mara mbili. Mlalo ukipingana na mteremko, mara nyingi inanyooka kabisa na mtu anaapa amesukuma.

Kwenye chipu ndiko balaa. Mpira ukiwa nje kidogo ya grini na nyasi zinakuelekea, weji ya digrii 60 yenye tako (pembe ya chini ya kichwa) dogo la digrii 4 au 6 inazama, mpira unasogea nusu mita. Chukua 52 au hata aeni 9, mpira katikati ya miguu, mpini usiulaze mbele, acha tako liteleze. Mwenye 56 ya tako la 12 au 14 ana amani zaidi. Baada ya masika ardhi ikiwa laini ndiyo kabisa.

Na upepo. Miezi ya Kusi mpira wa juu pale Upanga baada ya saa 5 asubuhi hauna rafiki. Aliyezoea kupiga aeni 8 mita 130 kwenye reinji iliyokingwa na miti asishangae ukifia kwenye banka (shimo la mchanga).

#13 FundiGripu
Hamjataja vifaa hata mmoja wenu. Mkoba uliokaa stoo ya Dar miaka mitatu haujabaki ulivyowekwa.

Viatu kwanza. Soli nyingi za viatu vya gofu zina tabaka la poliyurethani, na unyevu unalioza polepole likiwa limekaa bila kutumika. Ukikitazama kiatu ni kipya. Shimo la 5 soli inaanza kumeguka vipande kama mkate mkavu, shimo la 9 unacheza na soksi. Pinda kiatu kwa nguvu nyumbani, minya kisigino kwa kidole gumba. Ukisikia kinapasuka au unga unatoka, kitupe.

Gripu. Jasho na mafuta ya mikono yakikaa kwenye mpira, unakuwa mgumu na kung'aa. Gripu ngumu inakufanya ubane, ukibana mikono inachelewa, mpira unakwenda kulia, halafu unakuja humu kuuliza swingi. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi, zikauke kivulini. Zikibaki zinateleza, badilisha. Kata ya zamani kwa kisu cha ncha ya ndoano ukielekeza mbali na mwili, kwa shafti ya chuma tu. Shafti ya kaboni usiikwaruze hata kidogo. Toa gundi ya zamani yote. Zungusha tepu ya pande mbili, iache ipite mwisho wa shafti sentimita moja na uikunje ndani. Mimina waiti spiriti ndani ya gripu, ziba tundu la juu kwa kitii, tikisa, mwaga juu ya tepu, sukuma kwa mara moja bila kusita. Ukisita inagandia nusu. Una kama dakika moja ya kuipanga, kisha iache hadi kesho. Tina ya rangi usiitumie, inakula mpira.

Tatu, vichwa. Gari likishinda juani, joto la buti linadhoofisha gundi inayoshika kichwa na shafti. Shika kichwa, jaribu kukizungusha. Tazama pia kile kipete cheusi cha plastiki: kikiwa kimepanda shafti, gundi imeanza kuachia. Peleka kwa fundi kabla kichwa hakijaruka mbele ya watu.

Kutu juu ya uso wa weji inasuguliwa, haina shida. Michirizi ikiwa imelika ndiyo shida, mpira hausimami. Hapo mazoezi ya Mchipu hayasaidii.

#14 ShimoLaKumi
#13 hiyo ya viatu inatosha kuwa uzi wake.

#15 BogiTamu
Lakini jamani kuna faraja. Ben Hogan, bingwa wa zamani wa Marekani, aligongwa na basi Februari 1949, madaktari wakadhani hatatembea, akarudi akashinda shindano la kwanza. Tiger Woods naye kafanyiwa mgongo, akaja kuchukua Masters. Sisi tunalia na gripu.

#16 RefaMkali
Bogi, hukumalizia hadithi. Hogan alirudi Januari 1950 kwenye Los Angeles Open. Alifungana na Sam Snead baada ya mashimo 72 na akapoteza kwenye mchuano wa kuamua. Ushindi mkubwa ulikuja Juni mwaka huohuo, US Open ya Merion, kwa mchuano dhidi ya Lloyd Mangrum na George Fazio, na siku ya mwisho ya zile 72 alikuwa ametembea mashimo 36. Tiger aliunganishwa mifupa ya mgongo Aprili 2017, akarudi mwishoni mwa mwaka huo, akashinda Tour Championship Septemba 2018, ndipo Masters ya Aprili 2019, taji lake kubwa la 15. Miaka miwili. Na hao kazi yao ndiyo hiyo.

#17 FundiMisuli
Umeona, mashimo 36 kwa miguu. Nilisema nini?

#18 KatibuKadi
Hogan hakuwa anacheza na handikapu ya 2019 mkuu 😄

#19 BogiTamu
Sawa, ila moyo wake ndio ninaouzungumzia, tarehe mtajaza wenyewe. Tena nyie mnaojua sheria, mtu akirudi si anacheza tu? Dakika 5 za kutafuta mpira, kuachia mpira begani, yaleyale.

#20 RefaMkali
Hapo ndipo nilipokuwa nangojea mtu ajikwae. Sheria zilibadilika sana 2019, zikaguswa tena 2023. Aliyeacha mashindano 2018 akirudi leo anaweza kupoteza mikwaju bila kupiga mpira mbaya hata mmoja.

Kutafuta mpira ni dakika 3, si 5. Zikipita mpira umepotea, hata ukiuona sekunde inayofuata. Kuachia mpira ni usawa wa goti. Ukiachia begani bado unaweza kurudia bila adhabu kabla hujaupiga. Ukiupiga kutoka ndani ya eneo la nafuu ni mkwaju 1, nje ya eneo hilo ni 2. Eneo lenyewe unalipima kwa fimbo ndefu kuliko zote mkobani, pata haihesabiki.

Kedi asisimame nyuma yako kwenye mstari wa mpira unapoanza kuweka miguu. Kwetu hapa makedi wamezoea kuwaelekeza wachezaji hadi mpira unapigwa. Mwambie mapema tii ya kwanza, adhabu ni yako, mikwaju 2.

Yaliyolegezwa pia yapo. Alama za misumari ya viatu kwenye grini unazirekebisha. Bendera unaweza kuiacha shimoni. Ukigonga mpira mara mbili kwa bahati mbaya ni mkwaju mmoja tu. Mpira ukisogea kwa bahati mbaya kwenye grini unaurudisha, hakuna adhabu. Banka unaweza kutoa majani na vijiti. Kipima umbali kinaruhusiwa isipokuwa kamati imekataza, lakini kile kinachosoma mwinuko kizime kipengele hicho. Fimbo ikivunjika wakati wa raundi unaweza kubadilisha, mradi hukuivunja kwa hasira.

Kurudi nyuma kwenye mstari kutoka eneo la adhabu nako kumebadilika 2023: unaachia juu ya mstari wenyewe, na mpira usimame ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka ulipogusa chini, upande wowote.

Kadi: siku hizi kuonyesha handikapu na kuhesabu neti ni kazi ya kamati. Kazi yako ni skoa sahihi ya kila shimo na saini mbili, yako na ya anayekuandikia. Ukiandikiwa shimo kwa pungufu ukasaini ukarudisha, umetoka. Ukiandikiwa kwa kuzidi, inabaki hiyohiyo.

Mazoezi: kwenye mchezo wa mikwaju asubuhi ya shindano huruhusiwi kupiga mipira uwanjani kabla ya raundi. Kupati na kuchipu karibu na tii ya kwanza inaruhusiwa, na reinji pia. Kwenye mechi ya shimo kwa shimo ni ruksa.

Na muda. Kuchelewa tii ndani ya dakika 5 ni mikwaju 2, zaidi ya hapo umeondolewa. Anayekwenda Lugalo kutoka mjini kwa Bagamoyo Road aijue foleni yake, kamati haiijui.

#21 BintiKaskazi
#20 nimehifadhi. Asante.

#22 ShimoLaKumi
Nawasikiliza wote na bado naona mnapita pembeni ya kichwa. Maelezo yangu ni mepesi: anayerudi anacheza na skoa yake ya zamani. Tii ya kwanza anachukua draiva kwa sababu zamani alichukua draiva. Anajibana kwenye paa ambayo hana fimbo ya kuifikia.

Kabla ya shindano apite na kadi ya uwanja mkononi, aangalie mashimo yenye indeksi 1 hadi 10 (namba za ugumu wa mashimo). Kwa handikapu 10 hayo yote ana mkwaju wa ziada, kwa hiyo bogi (mkwaju mmoja juu ya paa) ni neti paa. Kwenye paa 4 ya mita 390, asipange grini kwa miwili. Haibridi mita 180, aeni 7 mita 140, weji ya mita 70. Tatu na pati mbili ni tano, pointi 2 za Stableford. Mashimo matatu ya kwanza asitoe draiva kabisa kama feawei ina miti pande zote. Bendera ikiwa nyuma ya banka alenge katikati ya grini, bila aibu.

Na mpira ukienda porini, wa pili atoke upande, feawei. Kadi za 97 huwa na mashimo mawili ya 9. Hizo 9 hazitokani na chipu, zinatoka kwenye mkwaju wa tatu uliopigwa kati ya miti miwili.

#23 MchipuWaUpanga
Weji ya mita 70 umeitaja wewe mwenyewe. Nani ataipiga karibu na shimo kama hajafanya mazoezi ya mkono mfupi?

#24 ShimoLaKumi
Mchipu, sijasema karibu na shimo. Nimesema kwenye grini. Hapo ndipo tunapotofautiana.

#25 MzeeWaBrauni
ShimoLaKumi amesema vizuri ila mpango huo unaufanyaje kama mkono unatetemeka? Apange shindano dogo kabla ya kubwa. Watu wanne, kadi zisainiwe, hakuna gimi, hakuna msamaha, anayeshindwa analipa chakula cha wote. Asiruke moja kwa moja kutoka mchezo wa marafiki hadi kitu cha mashimo 72 kama Tanzania Open.

#26 KatibuKadi
Mzee umenigusia la kwangu. Hizo kadi zilizosainiwa zirudishwe klabuni. Mtaje kabla ya kuanza kwamba ni kadi za handikapu, mcheze kwa sheria, na shimo likiharibika mwisho wake ni neti dabo bogi (mikwaju 2 juu ya paa, ukiongeza ya handikapu): paa 4 yenye mkwaju mmoja inaishia 7. Zikifika sita au nane, indeksi inaanza kumtambua mchezaji wa leo.

#27 BogiTamu
Na hapo ndipo wezi wa handikapu wanapozaliwa. Kadi sita za "bado sijakaa sawa", halafu siku ya zawadi mtu anatoa pointi 44.

#28 KatibuKadi
Wapo, sikatai. Ila mfumo una breki. Indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa ya siku 365, kinachozidi kinakatwa nusu. Ikifika 5.0 juu, inagota. Skoa ikiwa bora kwa 7.0 au zaidi kuliko indeksi, mashine inamshusha 1.0 papo hapo, na ikiwa 10.0 inamshusha 2.0. Na kamati ikiona mchezo wake haufanani na karatasi, inarekebisha yenyewe.

#29 RefaMkali
Mradi kamati yenyewe ifuatilie. Kuna ambazo hukumbuka handikapu siku ya kugawa zawadi.

#30 BintiKaskazi
Tukigusia zawadi: aliyekuwa mridhaa (asiyecheza kwa malipo) akipewa pesa taslimu anapoteza uridhaa?

#31 RefaMkali
Tangu 2022, kwenye shindano la grosi tupu lisilo na handikapu mridhaa anaweza kupokea hata pesa, mwisho dola 1,000 za Marekani au pauni 700. Shindano la handikapu, pesa hapana. Vitu vinaruhusiwa ndani ya kiwango hichohicho.

#32 FundiGripu
Swali dogo la kamati. Wawili wakifungana kwa neti, mnaangalia nini?

#33 RefaMkali
Soma masharti ya shindano kwanza. Njia ya kawaida ni mashimo 9 ya mwisho, yakifungana 6, kisha 3, kisha la 18. Kwa neti unatoa sehemu ya handikapu: nusu kwa 9, theluthi kwa 6, moja ya sita kwa 3. Na ni la 10 hadi la 18 la kadi, hata kama mlianzia shimo la 10.

#34 FundiMisuli
Yaani kikombe kinaamuliwa na mashimo ya mwisho. Narudia, miguu.

#35 MchipuWaUpanga
La 18 lina banka mbele ya grini. Chipu.